Habari za Tiurma na Kiyoyozi cha Vyumba Viwili

Enyi mliopata kulala katika vyumba vya bei nafuu mkaamka mkingali hai, enyi mliooga kwa maji yatokayo tone kwa tone, sogeeni karibu, tueni mizigo yenu, mnipe masikio. Nawasimulia habari za Tiurma wa ukoo wa Sihombing, muuza vitambaa wa Medan, mama wa watoto wanne na bibi wa wajukuu saba, aliyevuka maji akaja George Town, akasimama mbele ya kiyoyozi cha ghorofa ya pili, akakishinda. Nami sikuhadithiwa na mtu. Mimi Selvam, niliyekaa nyuma ya meza ya mapokezi ya hoteli ile miaka tisa, nilikuwapo, na aibu yangu imo humu ndani. Ya nini kuitafuta, itakuja yenyewe.

Jueni kwamba hapo zamani chumba 207 kilikuwa chumba kimoja kipana. Kisha mwenye hoteli, kwa hekima aliyojaliwa, akakikata katikati kwa ukuta wa plaiwudi, vikawa viwili, 207 na 208. Kitanda cha pili kilipatikana, mlango wa pili ukapatikana, lakini kiyoyozi kikabaki kimoja. Basi akatoboa ukuta karibu na dari, akakikalisha hapo tunduni, nusu ya kinywa upande huu na nusu upande ule, kama sultani wa nchi mbili. Swichi yake iliungua mwaka wa kwanza, nyaya zikaungwa moja kwa moja. Na mwezi ule ninaousimulia kikatawala kwa nyuzi kumi na sita, hakipandi wala hakishuki, kikivuma mchana kutwa na usiku kucha.

Katika himaya hiyo Tiurma aliingia pamoja na mumewe, Marolop Nababan, kiongozi wa kwaya, mwenye sauti nzito inayotikisa vioo vya kanisa. Macho ya Marolop yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho mwaka hata mwaka, la kushoto kwa sehemu kubwa, la kulia kabisa. Miaka miwili aliongoza kwaya kwa kukumbuka tu nani amesimama wapi, hata Krismasi iliyopita akawapungia mkono wanawake waingie na sauti zao za juu, kumbe amewapungia wazee wa besi. Wazee wakatii. Ndipo mkewe aliposema inatosha, tunakwenda kwa daktari.

Jioni ya kwanza Tiurma alishuka kwangu amejifunga shuka.

"Mwanangu, kule juu kuna barafu. Rimoti iko wapi?"

"Anayo jirani yenu wa 208, mama," nikamjibu. "Yeye hupenda baridi."

"Basi tuhamishe chumba."

"Mama, shule zimefunga. Hoteli imejaa mpaka stoo."

Akageuka, akapanda ngazi. Akaugonga ukuta wa plaiwudi mara tatu, kwa kiganja, kwa adabu. Ukuta ukamjibu mara tatu. Akagonga mara nne kwa ngumi. Ukuta ukajibu mara tano. Hivyo ndivyo vita vilivyotangazwa.

Siku ya pili alikusanya mataulo yote mawili na zulia la bafuni, akayasokomeza katika kinywa cha adui. Adui akanyamaza kama aliyekufa. Nusu saa baadaye mataulo yakaganda, yakawa mazito, yakaanguka kwa kishindo juu ya kitanda, ambacho kilienea ukuta hadi ukuta na hakikuwa na mahali pa kusogezwa. Marolop alikuwa amelala pale. "Mama Togar," alisema kwa upole, kwa jina la mzaliwa wao wa kwanza, "kuna kitu kimeniangukia."

Hata siku ya tatu asubuhi Marolop akapasuliwa jicho la kulia, na daktari akampa amri: asiiname, asibebe kitu, asikohoe kwa nguvu, na juu ya yote, hadi kesho bandeji itakapofunguliwa, asipige chafya. Mshono ni mdogo mno, alisema. Chafya moja kubwa yaweza kuharibu kazi yote.

Walirudi mchana. Barabarani lami ilikuwa ikinata kwenye viatu. Ndani ya 207 pumzi ilitoka mdomoni kama moshi wa kibatari. Tiurma akamlaza mumewe chali, akamfunika kwa ulos, kile kitambaa cha kufumwa ambacho mama yake alimvisha siku ya harusi, akamfunga kilemba cha taulo. Ikapita robo saa.

"Mama Togar."

"Nakusikia."

"Pua inaniwasha."

"Usithubutu, Baba Togar."

"Sijafanya kitu. Nakuarifu tu."

Hapo ndipo Tiurma alipoinuka. Alivaa koti la mumewe la kanisani juu ya sweta lake, akavuta soksi hadi magotini, akabana nywele kwa vibanio sita, akatoka kwenda mlango wa 208 kama jeshi la mtu mmoja. Nilimwona kutoka ngazini nikiwa nimebeba ndoo, nikasimama papo hapo, maana nilijua nilichokuwa nakijua.

Akagonga. "Toka nje, wewe usiyejua huruma! Mimi ni Tiurma, nimelea watoto wanne na duka moja, sijapata kumwogopa mtoza ushuru seuze wewe! Mume wangu amelala na jicho lililoshonwa, nawe umekaa humo unajipepea kama pengwini. Toka, ulete hiyo rimoti, ama nitaingia kuichukua!"

Mlango ukafunguka polepole. Akasimama hapo Ooi Teik Hock, fundi wa matanuri ya mikate, mtu wa Ipoh, mpana kama kabati. Alikuwa amevaa makoti mawili, moja juu ya lingine, na kichwani amejizungushia suruali. Pua yake ilikuwa nyekundu.

"Rimoti?" alisema. "Mama, rimoti si unayo wewe?"

"Mimi?"

"Siku tatu mama! Mchana kutwa natoa jasho ndani ya matanuri, nikirudi hapa nagandishwa kama samaki. Nimekugongea ukuta nikikusihi, nawe unanigongea kunicheka. Nikajisemea, huyu mama ana moyo gani?"

"Nani kakwambia ninayo?"

"Wa mapokezi."

Kisha vichwa viwili, cha kilemba cha suruali na cha vibanio sita, vikageuka pamoja kuelekea ngazini, nilipokuwa nimesimama na ndoo.

Sasa ndugu zangu, hapa ningeweza kusema kwamba nilikimbia, au kwamba simu iliita. Lakini nilisimama nikanena kweli yote: kwamba rimoti iliondoka mwezi uliopita ndani ya begi la mgeni wa Surabaya, kwamba mwenye hoteli alisema ataleta nyingine, hakuleta, kwamba niliona ni heri wageni wa vyumba viwili wachukiane wao kwa wao kuliko kunichukia mimi, maana ukuta uko katikati yao, na mimi sina ukuta.

Tiurma alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umri wako?"

"Arobaini na minne, mama."

"Mwongo wa miaka arobaini na minne. Haya, weka ndoo chini. Tutakuhitaji."

Ooi akakuna kilemba chake. "Mama, mashine zote zina kitufe cha dharura. Kidogo, chini ya kifuniko, upande wa kulia. Kulia ni kwenu."

Wakaingia 207, nami nyuma yao. Ooi akawa wa kwanza kupanda kitandani. Godoro likazama upande wake, na Marolop, aliyekatazwa kutikisika, akaanza kubingirika kumwendea taratibu kama pipa. "Shuka! Shuka!" akalia Tiurma. Ooi akashuka, Marolop akarudi mahali pake.

"Karibu," alisema Marolop, asiyeweza kumwona. "Wewe ndiye jirani?"

"Ndiye mimi, mzee. Samahani kwa kugonga."

"Unagonga vizuri. Hutoki nje ya mapigo."

Basi shauri likakatwa. Kifuniko kilikuwa kimoja kwa vyumba viwili, na kisingeinuka ila kwa kusukumwa pande zote. Ooi akarudi 208 kuinua upande wake. Kitufe kilikuwa ndani mno kwa kidole; Ooi alikuwa amempa Tiurma kijiti chake cha kulia tambi. Naye shujaa akakanyaga mto kwa mguu wa kushoto, akaweka wa kulia juu ya begi lililosimamishwa wima, na begi nililishika mimi, kwa mikono miwili, nikiwa nimepiga magoti.

"Inua!" akapaza sauti.

"Nimeinua!" ikajibu plaiwudi.

Upepo wa nyuzi kumi na sita ukampiga usoni, machozi yakamtoka, hakurudi nyuma. Na chini yake, enyi wasikilizaji, Marolop akaanza kuvuta pumzi ile ambayo kila mtu aijua. "Ah," alisema.

"Baba Togar, la!"

"Ah..."

Tiurma akachoma kwa kijiti. "Hakibonyei!"

"Hiyo ni skrubu, mama! Chini kidogo!" ikapaza plaiwudi.

"Ah... ah..."

"Chini wapi?"

"Kidogo! Kama unatafuta kipande cha tofu kwenye mchuzi!"

Akachoma tena. *Tiii*, kikalia. Mvumo ukakatika. Kwa mara ya kwanza katika mwezi mzima nilisikia pikipiki za barabarani kutoka chumba kile. Akabonyeza mara ya pili. Mashine ikakohoa, ikafikiri, kisha ikaanza kupumua taratibu, vuguvugu, kama mtoto aliyeshiba. Nyuzi ishirini na tano.

Sote tukamtazama Marolop. Kinywa kilikuwa wazi, mkono hewani, kama aliyekwisha kuipa kwaya ishara. Akakaa hivyo. Kisha akafumba kinywa.

"Imerudi," alisema.

Kutoka upande wa pili fundi wa matanuri akaugonga ukuta mara tatu, kwa kiganja, kwa adabu. Tiurma akamjibu mara tatu. Kisha akashuka, akakaa ukingoni mwa kitanda, akavua koti la kanisani.

Kesho yake walirudi kutoka hospitali kabla ya saa nne. Bandeji haikuwapo tena. Marolop alisimama mbele ya meza yangu akiitazama saa ya ukutani, akaisoma kwa sauti kubwa, akasoma na kalenda, na orodha ya yaliyokatazwa chumbani. Halafu akamgeukia mkewe, akamtazama sana.

"Una mvi," alisema.

"Miaka kumi na mmoja sasa."

"Hukuniambia."

"Nilidhani unaona."

Akanyoosha mkono, akamchomoa kibanio kimoja, kisha cha pili, mpaka vyote sita, ili azione vizuri. Tiurma akamwacha, mbele ya watu wote waliokuwa wakisubiri funguo.

Nami nikafungua daftari la hoteli, pale panapoandikwa mabomba yaliyoziba na balbu zilizokufa, nikaandika tarehe na saa, kisha maneno haya: *Chumba 207 na 208, nyuzi ishirini na tano, kwa mkono wa Tiurma wa Medan, Ooi wa Ipoh aliinua kifuniko, Selvam alishika begi.* Wafalme wengi wameandikwa vitabuni kwa kufanya machache kuliko hayo.