Sifa ya Kiingereza ya Kamati Yetu

Napenda kuutangazia umma kuwa Kamati ya Uratibu wa Maji ya kijiji chetu, hapa Karatu, ndiyo kamati pekee iliyowahi kusifiwa kwa Kiingereza. Mimi Zablon nilikuwa katibu wake, hivyo nasema ninachokijua.

Sifa ilitoka kwa wafadhili wa bomba. Mtaalamu wao alikaa nasi siku tatu, akahudhuria vikao vinne, akaondoka. Kisha ikaja barua ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulisema kamati yetu ni *otiose*.

"Otiose," mwenyekiti wetu, Mzee Remigius, alirudia polepole kama anayeonja asali. "Hili si neno la kupewa mtu yeyote tu."

Barua iliomba tutie sahihi kama tunakubali. Tulikubali kwa kauli moja, tukagonga mhuri mara mbili. Ukurasa wa pili hatukuusoma; muda wa kikao ulikuwa umekwisha. Suala la bomba kukauka miezi saba lilibaki kwenye Mengineyo.

Tukashona fulana zenye neno hilo. Tukasimamisha ubao barabarani: KARIBUNI KAMATI OTIOSE. Watalii waendao Ngorongoro walishuka kupiga picha, wakicheka mpaka machozi. Mwenyekiti akaripoti kuwa wageni wamefurahishwa na huduma.

Siku ya sherehe ya kujipongeza, Mama Laurencia, kiongozi wa kikundi cha akina mama wanaofuata maji bondeni kwa punda, alikuja na Mwalimu Hyasinta.

"Mwalimu, tuelezee. Hilo neno lina maana gani?"

Hyasinta alimtazama mwenyekiti kwa huruma. "Shikamoo mzee. Naomba unisamehe. Linatumika kwa kitu ambacho kipo, ila hakina kazi. Kama kumfungia punda saitimira za gari."

Watu wakaangua kicheko. Mimi nilivuta koti kuficha fulana yangu.

"Hiyo ni maana ya mitaani," alisema Mzee Remigius. "Sisi tunatumia ile ya kitaalamu."

"Sawa, mzee," alisema Laurencia, akifungua karatasi. "Basi wafadhili wametuma nakala ya ile barua kwetu pia. Mwalimu, soma ukurasa wa pili."

Hyasinta akasoma: kamati ikitia sahihi, itakuwa imekiri yenyewe kwamba haina kazi; hapo itavunjwa, na bomba litakabidhiwa kikundi cha akina mama.

"Nani alitia sahihi?" mwenyekiti alinguruma.

"Wewe, mwenyekiti," nilisema.

"Na wewe?"

"Na mimi. Kwa kauli moja."

Wiki tatu baadaye maji yalitoka. Jana, wakati mtaro wa kwenda kitongoji cha chini unachimbwa, Mzee Remigius alikuja kuomba kujiunga.

"Karibu, mzee," alisema Laurencia. "Unaweza kazi gani?"

Alifikiri mpaka ndoo mbili zikajaa pale bombani.

"Kufungua vikao."

Laurencia akamkabidhi sururu. Mimi nilikuwa mtaroni tangu asubuhi, viganja vimejaa malengelenge; nikasogea kumpa nafasi.