Beryl Atoke Bandani Kabla ya Ijumaa Kuu

Jumamosi, 14 Machi

Sasa hivi Indi ameutumbukiza ufunguo wa gari kwenye bakuli lake la uji, akaukoroga, akaniambia nionje. Ana miaka miwili na nusu. Nimeulamba ukawa safi. Siwezi kumkasirikia mtu leo. Leo tuna gari!

Si gari la kwendea dukani. Gari la porini hasa, linavuta magurudumu yote manne, lilikuwa jeupe zamani, na kwa umri linanizidi. Ametuuzia mzee Merv wa mtaa wa nyuma. Magoti yamemkataa, hawezi tena kulipanda. Alipompa ufunguo Jarrod, mume wangu, alilipigapiga boneti akaliambia liwe na adabu huko liendako. Linaitwa Beryl. Jina la mama mkwe wake. Kasema wote wawili huchelewa kuwaka, lakini wakiwaka usisimame mbele.

Pesa ilikuwa ya jiko jipya. Jiko la zamani bado linawaka upande mmoja. Upande mmoja unatosha!

Naandika sababu ili nisiisahau. Pasaka iliyopita ukoo wote wa Jarrod ulikwenda kupiga kambi ufukweni Wompoo, kama kila mwaka. Kigari chetu kiliishia pale lami inapoishia. Mimi na Indi tukapakiwa kwenye gari la wifi yangu Narelle, nyuma kabisa, kati ya sanduku la barafu na mbwa. Jioni, mbele ya watu wote, Narelle akasema mizigo yake imefika salama, ila mmoja una kelele. Watu wakacheka. Nami nikacheka. Kisha nikaenda nyuma ya miti nikalia.

Mwaka huu Indi ataamka ndani ya hema letu wenyewe, aione bahari kabla jicho la pili halijafunguka. Nimemwahidi. Sasa kila asubuhi ni hilo hilo: bahari leo, mama?

Jumanne, 17 Machi

Narelle kapiga simu. Sauti ya asali. Wifi, usinielewe vibaya, mwaka huu gari langu limejaa, nina friji mpya na mbwa wa pili. Gari lake limetoka dukani juzi, kila kitu kina kitufe. Nikamwambia wala usijali wifi yangu, sisi tutaona. Nikakata simu, nikamshika Indi tukacheza jikoni mpaka akatapika kidogo.

Hajui kuhusu Beryl! Wala hatajua. Mpango ni huu: Beryl anakaa kwenye banda la gari, shuka mbili mbele, anarembwa humo humo. Ijumaa Kuu anatoka kama bibi harusi. Jarrod kauliza, si afadhali tumzungushe barabarani kwanza? Nikamwambia bibi harusi hazungushwi barabarani kabla ya siku yake.

Ijumaa, 20 Machi

Mvua mchana kutwa. Banda letu zuri! Jarrod kafunga springi mpya ndefu, mzee Merv akimwelekeza kutoka kitini, mguu juu ya ndoo. Beryl kainuka kiganja kizima. Merv kasema sasa hata kangaruu atapita chini yake bila kuinama.

Jumatano, 25 Machi

Matairi mapya! Yaani mapya kwetu. Makubwa mno. Beryl kainuka tena. Halafu keria. Halafu, moyo wangu utapasuka, hema la juu ya gari! Nimelipata kwa bwana mmoja aliyeachana na mkewe, hakutaka hata kuliangalia. Lilibebwa na watu wanne. Tulilisukuma juu ya keria polepole, kama mkate kwenye tanuri. Humo ndani paa limeinuka, kwa hiyo likaingia vizuri, ikabaki nafasi ya kupitisha mkono. Nikasema mwaona, utadhani banda lilipimwa kwa ajili yake. Jarrod akaitazama boriti ya mlangoni, iliyoshuka kidogo, kwa muda mrefu. Nikampa chai.

Pia nimefanya biashara ya akili. Tulikuwa na pampu ya upepo. Nimebadilishana na mama mmoja: yeye pampu, mimi taa za rangi za kuzungushia hema, mita kumi! Merv aliposikia alivua kofia kama yuko msibani. Binti yangu, kasema, mchangani kila mtu hutoa upepo kwenye matairi ili yatandae, na akirudi kwenye lami huujaza tena, sasa wewe utajaza kwa mdomo? Nikamwambia tutaazima. Pampu huazimwa. Taa haziazimwi.

Alhamisi, 2 Aprili

Tayari! Magodoro, sufuria, ndoo ya Indi, taa. Msafara unaondoka kesho saa tatu kamili, kwa sababu ufukwe wa Wompoo hupitika maji yakiwa yamekupwa tu. Yakijaa, barabara ni bahari. Narelle kaandika kwenye kundi la simu la ukoo kwamba atakayechelewa asisubiriwe. Kisha akaweka vicheko vitatu. Nimemjibu kwa moyo mwekundu. Subiri, wifi. Subiri!

Ijumaa Kuu, 3 Aprili, asubuhi

Msiba! Naandika kwa mkono mchafu, Jarrod yuko kwenye foleni ya upepo kituo cha mafuta.

Saa mbili tuliondoa shuka. Jarrod akawasha. Beryl akakohoa, akaitika. Mbele kidogo. Kishindo! Hema limegonga boriti. Beryl mrefu kuliko mlango! Kwa vidole viwili tu! Tumemlisha humo ndani mpaka hawezi kutoka, kama boga lililokulia ndani ya mtungi.

Jarrod akakaa chini. Kisha akainuka kuleta msumeno. Anafanya kazi kiwanda cha mbao, kwake kila tatizo ni msumeno. Nikamwambia boriti ni ya mwenye nyumba. Akasema basi tukate hema. Nikajilaza juu ya boneti. Kulifungua na kulishusha ni kazi ya watu wanne, na asubuhi nzima. Msafara hausubiri, na maji hayasubiri.

Hapo Indi akatoka. Nguo ya kuogelea, gambuti, ndoo mkononi. Bahari leo, mama?

Nikapiga magoti kumfunga kifungo ili asione uso wangu. Macho yangu yakawa usawa wa tairi. Tairi limevimba, limejaa upepo mpaka basi. Upepo! Kama hutolewa mchangani, kwani bandani kuna sheria? Nikatafuta kijiti, nikabonyeza valvu. Psssss. La kwanza. La pili. Indi akanisaidia kwa kupuliza mate. Beryl akachuchumaa taratibu, kama ng'ombe anayelala. Jarrod alinitazama vile alivyonitazama siku ya harusi. Akakanyaga mafuta. Krrrrr! Ukanda wa turubai ukabaki umening'inia kwenye boriti kama kumbukumbu, na Beryl akatoka! Mimi vigelegele, Indi vigelegele, jirani akatoka na kikombe chake kuuliza nani amezaliwa.

Tumefika hapa tukitambaa, pwata, pwata, pwata. Foleni ndefu. Jarrod kasema tujaze nusu tu tukimbie. Anapiga honi. Nakwenda!

Siku hiyo hiyo, saa kumi jioni

TUMEFIKA!

Msafara tuliukuta mwanzo wa mchanga, umesimama. Mbele yake, gari jipya la Narelle, limezama mpaka ngazi za mlangoni. Hakutoa upepo hata kidogo. Alisema lina kitufe cha mchanga. Alikuwa bado anakibonyeza. Na sisi matairi yetu yalikuwa nusu tangu mjini! Beryl akampita kando kama anateleza juu ya siagi. Tukafunga kamba. Beryl akaguna, akamng'oa. Nikashusha kioo nikasema, wifi, mzigo umefika salama. Jamani sikuweza kujizuia! Narelle akasema ahsante kama anayemeza mfupa. Kisha, Mungu anaona, akambeba Indi akamwambia shangazi anakuonea wivu gari lako. Nikampenda kidogo.

Na nafasi niliyoipata! Wengine wote wamebanana kule juu nyuma ya vilima vya mchanga, hawaoni kitu ila makalio ya magari ya wenzao. Jarrod yuko huko tangu tufike, anachokoa mchanga chini ya gari la dada yake. Kwa hiyo Beryl nimemwegesha mwenyewe. Huku chini! Mchanga mgumu, tambarare kama meza, hakuna mtu. Juu yetu kuna mstari mrefu wa mwani mkavu na vijiti, umenyooka kama uzio, utadhani tumewekewa. Hema limefunguka, tundu ni dogo tu, taa zimezungushwa. Indi ataamka miguu yake iko baharini.

Narelle alipaza sauti kutoka juu akauliza, wifi, umepima? Nimepima! Nimejifunza mimi. Ngazi ya hema mpaka majini, hatua sitini. Akajibu kitu, upepo ukakichukua.

Mwakani karavani, nyumba ya kukokotwa na gari. Tutainunua bila paa, tuipaue bandani.

Indi anasema bahari inakuja. Ndiyo mwanangu, imekuja kukuona. Nimepima tena kwa furaha: hatua ishirini na mbili. Nadhani zangu zimekuwa ndefu, ni raha hizi.

Naona Jarrod na Narelle wanateremka mbio, wanapunga mikono. Wameona taa! Jarrod anaita, Tegan, Tegan, ufunguo! Ufunguo upo, Indi ameuzika mchangani na kuchomeka kijiti juu ili usipotee, mtoto ana akili huyu, ngoja nimwoneshe, kijiti kilikuwa hapa hapa mbele, karibu na