Maksi Ishirini na Moja za Kupoteza

Jumatatu, 25 Novemba

Wiki ya kumi na tatu ya kudhalilishwa. Mimi, Lyle Haugen, mtu mzima wa miaka arobaini na minne, dereva wa gari la kusukuma theluji wa wilaya hii kwa miaka kumi na tisa, nakalishwa kwenye kiti chenye kimeza cha kukunja, natafuta x. Nilikuja chuoni hapa kusoma kalkulasi. Kompyuta ya kupanga madarasa ikanitupa kwenye aljebra. Nilisema siku ileile kwamba kompyuta ni mbovu. Dada wa ofisini akanijibu kwamba kila mtu husema hivyo.

Naandika haya ili ukweli uwepo mahali. Bwana Quist, bosi wetu, ametangaza nafasi ya msaidizi wa mkaguzi wa madaraja. Ofisi ina kipasha joto na kiti kinachozunguka. Sharti ni moja: uwe umeandikishwa kalkulasi ifikapo Januari. Na kalkulasi hawakuandikishi mpaka ufaulu aljebra. Maksi 140 kati ya 200. Mia ni za majaribio ya muhula, mia ni za mtihani wa mwisho.

Za muhula ninazo 61. Nilikuwa nahifadhi nguvu.

Verna Tollefsrud anazo 98. Miaka sabini na mmoja, mpishi mstaafu wa kantini ya shule. Anasoma aljebra ili baridi ipite, eti. Anakaa mbele yangu na kusafisha kifutio chake kwa kitambaa. Nani anasafisha kifutio?

Leo Mwalimu Prokop karudisha jaribio la sura ya saba, ile ya kubwa kuliko na ndogo kuliko. Nimepata nne kati ya ishirini. Kosa ni lilelile kila swali: ukigawanya pande zote mbili kwa namba hasi, alama ya kubwa kuliko lazima igeuke iwe ndogo kuliko. Mimi siigeuzi. Nikamuuliza Prokop igeuke kwa nini wakati sijaigusa. Darasa zima likacheka. Verna akageuka na sauti yake ya kugawa supu. "Mwanangu, kumi na ishirini, ipi kubwa? Ishirini. Haya, nje kukiwa hasi kumi au hasi ishirini, lini kuna joto zaidi? Hasi kumi. Si imegeuka hiyo?"

Nikamwambia nimesukuma theluji kwenye hasi thelathini, sihitaji kufundishwa baridi na mtu wa jikoni.

Alhamisi, 28 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Bata mzinga mkavu. Duane, kaka wa mke wangu Corinne, muuza mashine za kukata nyasi na mjuaji wa kila kitu, akauliza mbele ya meza nzima shule inakwendaje. Nikasema kalkulasi inakwenda vizuri. Si uongo. Ni ukweli uliotangulia kwa wiki tano.

Duane akaweka uma chini. "Ehe, shemeji, tufumbulie basi sisi wajinga. Kalkulasi ni kitu gani?"

Nikasema ni aljebra iliyokomaa, yeye haitamwingia. Akasema mtu aliyeshindwa kukata pai ya boga vipande sita sawa anatisha akikabidhiwa madaraja. Wakacheka mpaka mama mkwe akapaliwa. Corinne hakucheka. Aliangalia sahani yake.

Garini akanieleza kwa upole, jambo linalonitisha kuliko ukali. Nikifaulu, yameisha. Nikifeli, nitamwambia Duane kwa mdomo wangu mwenyewe kabla ya Krismasi, kwa sababu yeye hatakaa tena mezani akinilindia uongo.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Bado sikuwa na mpango, lakini mipango huwa inanijia.

Jumatatu, 2 Desemba

Umenijia.

Prokop katangaza kwamba kwenye mtihani kila mtu anaruhusiwa kuingia na kadi moja, ukubwa wa kiganja, imeandikwa pande zote kwa mkono wake mwenyewe. Wenzangu wakashangilia kama mbuzi waliofunguliwa. Hakuna hata mmoja aliyeona maana yake. Aljebra yote inaweza kuhamia kwenye kadi! Kwa nini nisome kitu ambacho nitakuja nacho mfukoni?

Prokop akaongeza kwamba kuiandika kadi ndiko kusoma kwenyewe. Maneno ya mtu anayelipwa kusema.

Verna akasema yake ataandika fomula tatu tu, nafasi iliyobaki achore ua. Maringo ya uzeeni.

Jumatano, 4 Desemba

Nimeandika kadi mara nne. Ya kwanza herufi kubwa. Ya pili kalamu nene. Ya tatu Corinne aliweka kikombe juu yake. Ya nne ni kazi ya fundi: herufi kama chembe za chumvi, nimevaa miwani yangu na juu yake miwani ya Corinne. Hata hivyo kadi imejaa katikati ya sura ya sita. Sura ni saba.

Nikabuni. Kadi ni karatasi nene, na karatasi nene ni karatasi mbili zilizogandana. Nikaishika ya tano juu ya mvuke wa birika ili niipasue ubapa kwa kisu cha siagi, ifunguke kama kitabu. Kadi moja, kurasa nne, sheria haijavunjwa. Nimepata uji. Corinne akauliza nini kile kwenye jiko lake. Nikasema ni sura ya kwanza mpaka ya tatu.

Ijumaa, 6 Desemba

Kadi ya sita. Nimeibana, sura sita zimeenea. Ya saba haiingii hata kwa sindano. Lazima iachwe. Swali: naweza kumudu kuiacha? Kwenye mtihani ina maksi 22.

Mtu wa kawaida angekisia. Mimi nimetumia aljebra. Maksi 61 nilizonazo, jumlisha 100 za mtihani, toa x nitakazopoteza, jibu liwe kubwa kuliko au sawa na 140. Nikapunguza hapa, nikahamisha pale. Hasi x ni kubwa kuliko au sawa na hasi 21. Nikagawanya pande zote kwa hasi moja ili kuondoa uchafu.

x ni kubwa kuliko au sawa na 21.

Nimeisoma mara tatu. Ili nifaulu, lazima nipoteze maksi zisizopungua ishirini na moja. Inashangaza, lakini hesabu za juu ndivyo zilivyo, haziendi na mawazo ya mtaani. Na sura ya saba ina 22! Nazidisha moja ya usalama. Nimefurahi kiasi cha kumwita Corinne aje aone.

Corinne akauliza kwa nini nisijumlishe tu 61 na hizo zitakazobaki. Nikamweleza kwa subira kwamba kujumlisha ni kazi ya darasa la pili.

Jumapili, 8 Desemba

Kahawa baada ya ibada. Verna kanifuata na kisahani cha vipande vya keki ya limau. Akauliza ile alama sasa naigeuza? Nikasema sura ya saba nimeishughulikia. Akasema nikitaka ataipitia kadi yangu, dakika tano tu, macho yake bado mazima. Nikaufunika mfuko kwa mkono. Maksi 98 hazimtoshi, anataka na kadi yangu.

"Haya mwanangu," akasema, "ila usije ukaacha swali tupu. Prokop huyu anatoa maksi hata kwa kujaribu."

Keki nilikula. Ilikuwa kavu kidogo. Nilikula vinne.

Jumanne, 10 Desemba

Mtihani. Nimeteleza kama gari kwenye lami kavu. Milinganyo, vipeuo, grafu, yote yalikuja yenyewe. Kadi sikuitazama hata mara mbili. Nilipoandika ile ya sita kumbe kila kitu kilishanikaa kichwani. Kwa hiyo kadi ilikuwa kazi bure, na Prokop hajui anachosema.

Nikafika sura ya saba. Nikaukata kwa mstari ukurasa mzima, nikaandika: Imeachwa kwa makusudi. Dakika arobaini zilibaki. Nilizitumia kuwatazama wenzangu wakitokwa jasho kwenye maswali ambayo si lazima kuyajibu. Nikatoka wa kwanza. Verna alinitazama kwa huruma, au kwa wivu.

Ijumaa, 13 Desemba

Sabini na nane. Jumla 139.

Nilikwenda ofisini kwa Prokop nikiwa na hakika kwamba amekosea kujumlisha. Alikuwa na karatasi yangu mezani. Akasema kila swali nililojibu nimepata, hajawahi kuona mtu akipanda namna ile kutoka 61, na angependa kujua nini kilinipata kwenye ukurasa wa mwisho. Ningechora hata mstari mmoja wa namba, angenipa maksi, na moja tu ingetosha.

Nikamwonyesha hesabu yangu. Aliisoma taratibu, akavua miwani, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. Akauliza nilipogawanya kwa hasi moja ile alama ilifanya nini.

Nikasema haikufanya chochote.

"Ndiyo hiyo, bwana Haugen," akasema. "Ndiyo hiyo."

Nyumbani nikamwambia Corinne. Kaweka simu mezani mbele yangu, namba ya Duane iko tayari kwenye kioo. Nikaona aibu, nakiri. Ilinikaa kifuani kwa muda wa chakula chote, viazi vya kuokwa na nyama ya kusaga, ninavyovipenda. Kisha nikakumbuka maneno ya Verna, na aibu ikaondoka.

Jumamosi, 14 Desemba

Simu haikuhitajika. Nimemwandikia mkuu wa idara rufaa, ukurasa mmoja, haina pa kushikwa. Ushahidi katoa Verna mwenyewe, maksi 98, mbele ya darasa zima: hasi kumi kuna joto kuliko hasi ishirini. Basi hasi 139 kuna joto kuliko hasi 140. Hakuna atakayebisha hapo, hata Prokop. Hasi 139 ni kubwa kuliko hasi 140. Sasa gawanya pande zote mbili kwa hasi moja.

139 ni kubwa kuliko 140. Nimefaulu, na ya ziada ipo.

Kichwa cha barua nimekipigia mstari: RUFAA YA KUFELI ALJEBRA. Nakala nimempelekea Bwana Quist, aanze kunitayarishia kile kiti. Nyingine nimempelekea Duane, ili kwa mara moja maishani mwake aone kalkulasi inavyofanya kazi.