Mabuti Arobaini ya Kushoto

Jumatatu, tarehe 11 Novemba

Saba juu ya ishirini! Mimi, Niyonsenga Maurice, mwanafunzi wa biashara, mwaka wa staje, wa kujifunza kazi dukani! Papa Mumbere, patroni wa duka, ameacha fishi yangu ya alama mezani alipokwenda kunywa chai, na mimi nina macho. Kétsia, stajeri mwenzangu, ana kumi na tano. Yake imeandikwa kwa wino. Yangu kwa penseli. Nimefarijika. Penseli inafutika.

Papa Mumbere amenikuta nikisoma. Hakunigombeza, yeye hagombezi kabla ya saa sita, anasema kunafukuza wateja. Ameniambia tu kwamba nisipofikisha kumi, nitarudia mwaka. Kisha amenionyesha mzigo: mabuti ya mpira, jozi arobaini, yametoka Butembo. Niyauze kabla ya Jumamosi. Asiyeweza kuuza mabuti Masisi mwezi wa kumi na moja, amesema, arudi kulima na mama yake.

Hapo hapo simu. Mama! Ameuliza alama. Mdomo wangu umejibu kabla yangu: kumi na nane. Mama amepiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Atakuja kutoka Kashuga Jumamosi, na Jumapili atatoa shukrani kwenye misa, hapa hapa Masisi, maana shukrani hutolewa pale baraka ilipoangukia. Nimesema sawa, Mama. Ningesema nini?

Jumanne, tarehe 12 Novemba

Wazo! Limenijia nikivaa soksi. Ya kushoto nimeipata, ya kulia haionekani, na mguu wa kulia ukaanza kuona baridi kuliko kawaida yake. Hiyo ndiyo siri ya biashara yote! Asiye na kitu hakifikirii. Mwenye nusu ndiye hapati usingizi. Nitawaazima watu wa kilimani buti moja moja, la kushoto, bure, mpaka Ijumaa. Kabla ya Ijumaa watashuka mbio kutafuta la kulia.

Nimemweleza Kétsia. Ameuliza kama patroni ametoa ruhusa. Wivu! Nimemjibu kwamba stratejia haiombi ruhusa. Amerudi kwenye kigoda chake kuchambua maharage na akina mama wanaongoja mvua ipungue. Siku nzima ni hivyo. Anakaa, anauliza habari za watoto, anacheka. Sijui hizo kumi na tano alizipatia wapi.

Saa nne patroni amekwenda kupokea lori la chumvi. Mabuti arobaini ya kushoto ndani ya magunia matatu, mimi juu ya moto, pikipiki ya kukodi, haya twende! Motari ameuliza kama duka linahama.

Kilimani nimepokewa kama askofu. Kila nyumba imelipokea buti kwa mikono miwili. Kila nyumba imenipa maziwa. Kukataa ni kumtukana ng'ombe pamoja na mwenyewe, kwa hiyo nimekunywa. Kwenye kikombe cha kumi na moja nimesikia tumbo langu likilia kama ndama, nikaomba wengine waitwe kwa Papa Kanyamibwa, mkubwa wa kilima, nimalizie hapo. Papa Kanyamibwa amelinusa buti, amelipindua, ameuliza: «Mutoto, unatupatia kabisa, ao iko ya kuazima?»

Nimejibu kwa sauti ya ofisi kwamba ni ya kuazima, siku tatu. «Aah. Njo vile,» amesema, akawatazama wenzake. Wote wameinamisha vichwa kukubali, kwa uzito. Wameelewa! Nimeshuka kilima nikiimba.

Jumatano, tarehe 13 Novemba

Hakuna aliyekuja. Tumbo linauma.

Mabuti ya kulia nimeyaficha nyuma ya magunia ya chumvi, patroni asiulize ya kushoto yako wapi. Mvua tangu alfajiri. Kila nikisikia hatua nasimama mlangoni na buti la kulia na tabasamu. Wa kwanza alitaka kiberiti. Wa pili alikuwa mbuzi.

Tena, aibu yenyewe: wateja watatu wameomba mabuti! Jozi, pesa mkononi! Nimewaonyesha la kulia, na maneno matamu kuhusu la kushoto. Mmoja ameuliza kama mimi ni mgonjwa. Kétsia amejifunika uso kwa kitenge, mabega yakamcheza. Alikuwa anacheka. Acha acheke. Wakishuka watu wa kilimani, atanyamaza.

Alhamisi, tarehe 14 Novemba

Nimepanda kilima kwa miguu kuangalia hali ya soko. Balaa! Hakuna mtu hata mmoja aliyevaa!

Nyumbani kwa Papa Kanyamibwa, buti limetundikwa kwenye msumari karibu na kibuyu cha maziwa, chini ya picha ya Bikira Maria. Limepanguswa linang'aa. Mwenyewe anatembea pekupeku kwenye matope. Nimeuliza kwa nini. Ameshtuka kweli: «Kitu ya watu, nikanyage nayo matope?» Nyumba ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu wamelifunika kitambaa, vumbi lisiliguse. Vumbi! Mwezi wa kumi na moja!

Kesho kutwa ni Jumamosi. Kichwani nimemwona Mama akishuka kwenye moto, na patroni akimwonyesha ile saba. Nimewaomba wote wayarudishe mabuti kesho asubuhi, basi, yaishe. Papa Kanyamibwa amenishika bega, amesema nisiogope, hawataniaibisha.

Kurudi nimeanguka mara mbili. Muuza mabuti hana mabuti. Sikuona cha kuchekesha.

Ijumaa, tarehe 15 Novemba

Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Saa mbili, kelele njiani. Nimetoka. Watu arobaini wanashuka kilima kwa mstari, Papa Kanyamibwa mbele, kila mmoja na buti kichwani. Moyo umeruka! Kisha nikaona majani ya vitunguu yametokeza kwenye la kwanza. Viazi kwenye la pili. Maharage. Mayai ndani ya nyasi. Jibini ya duara iliyosukumwa kwa nguvu mpaka kwenye kisigino. Asali! Na la Mama Mukankusi lilikuwa na kuku, mzima, ametoa kichwa kama bibi arusi kwenye gari.

Papa Kanyamibwa ameliweka lake mbele ya miguu ya Papa Mumbere na kutangaza kwamba cha watu hakirudi kitupu. Walimnywesha mgeni maziwa, wamelinda mali yake, na sasa wanairudisha kwa heshima.

Nilisahau! Mimi mtoto wa Kashuga, niliyetumwa utoto wote kurudisha vikapu vya majirani, na Mama hakuniachia kimoja kitoke bila kitu ndani! Miaka mitatu ya masomo ya biashara imenifuta kichwa.

Patroni ametazama mabuti. Amenusa. Ameingia nyuma ya magunia ya chumvi, ameyakuta ya kulia. Ametoka na penseli. Mbele ya macho yangu ameifuta saba, ameandika nne. Nilitamani niingie kwenye buti la kuku.

Hapo Kétsia amesimama. Amemwambia patroni kwa upole kwamba hawa sasa si wateja, ni wageni waliokuja na mikono mizito, na hawawezi kupanda kilima na njaa. Patroni amefikiri, amekubali. Kétsia ameweka sufuria kubwa motoni. Viazi vyao, maharage yao, vitunguu vyao. Mvua imeshuka kama imeitwa. Watu wakala, wakacheka, na Kétsia katikati akiuliza habari za watoto. Mabuti matupu ameyafuta, ameyaunganisha na ya kulia, na kuiweka kila jozi karibu na miguu ya aliyelilinda la kushoto. Hakusema bei. Amesema tu kwamba njia inateleza.

Papa Kanyamibwa amevaa ya kwanza, amesimama kwenye dimbwi, ametulia humo kama mwenye shamba. Ameuliza bei mwenyewe. Baada yake, wote wakauliza! Jozi thelathini na nne! Zimebaki sita: za asali, za mayai yaliyopasuka, na ile ya kuku, ambaye amekataa kutoka na ametaga.

Stratejia yangu imefaulu.

Jumamosi, tarehe 16 Novemba

Nimemweleza patroni kwamba lilikuwa wazo langu. Amesema anajua, ndiyo maana hajalala. Kétsia amepewa kumi na nane, wino. Mimi nimepewa kumi! Kumi! Chini ameandika: «Ana nguvu. Achungwe.» Kwa penseli bado. Wino ataweka mwezi wa saba, staje ikiisha. Vizuri, kuna nafasi ya kupanda!

Siku nzima nimesugua asali kwenye mpira. Haitoki. Jioni Mama amefika, matope mpaka magotini, kikapu cha maharage kichwani. Amenikumbatia mbele ya motari, ameniita kumi na nane wake.

Jumapili, tarehe 17 Novemba

Misa. Mama amesimama mbele ya watu wote, ametangaza alama zangu kwa sauti ya kuita ng'ombe. Kumi na nane! Watu wamepiga makofi. Papa Mumbere, kiti cha pili, amegeuka polepole na kunitazama. Kétsia naye. Nimeangalia paa. Nimeona haya, naandika ukweli, haya ya kuunguza masikio.

Nje, Mama amemshika patroni mikono yote miwili, amempa kile kikapu cha maharage kwa kunilea vizuri. Nimefumba macho. Patroni ametazama kandambili za Mama, kamba imefungwa kwa kipande cha waya. Amesema: «Mama, huyu mutoto wako iko na nguvu.» Basi. Amekwenda dukani, amemwaga maharage, amekirudisha kikapu na jozi ya mabuti ndani. Zile za asali. Mama amelia. Kisha patroni amepita karibu yangu na kuninong'oneza kwamba ile kumi na nane, kwa kuwa Mungu amekwisha kushukuriwa, sasa nikaitafute.

Nimeapa mbele ya geti la kanisa: sitadanganya tena, sitachukua cha duka bila ruhusa, nitakaa kwenye kigoda kama Kétsia na kuuliza habari za watoto.

Nimetembea hatua kumi hivi. Kisha nikakitazama kikapu cha Mama. Kikapu kidogo, na kimerudi na mabuti mawili! Buti lilirudi na kuku mzima! Kumbe tatizo halikuwa stratejia. Tatizo lilikuwa ukubwa wa chombo!

Nyuma ya duka patroni ana mapipa ishirini matupu.

Kesho saa nne anakwenda kupokea lori. Nimekwisha kuongea na motari wawili. Kétsia sitamwambia, ataharibu. Kumi na nane, Mama, naileta! Tena penseli inafutika.