Visa vya Kilatini na Kamba Zangu za Mwani

Jumatano, 7 Mei 2025. Utende.

Nisamehe, daftari langu. Tangu Ummy aanze kuota meno sijakugusa. Si uvivu. Mkono mmoja una mtoto, wa pili unamfuta udenda.

Shida ni hii. Kikundi cha mwani kimeamua: eneo litakalobaki tupu bamvua hili la Jumatatu, maji yakitoka mbali, atapewa mwingine. Langu tupu. Wifi yangu Safia analitazama kama sahani ya pilau. Na kamba zangu hazijafungwa taitai hata moja, vile vikamba vya kushikia mbegu. Wenzangu wote wanakwenda kusaidiana kwa Safia, maana kwake kuna umbea na mihogo.

Mimi nina kitabu. Kaka Hafidhi alikisahau alipokuja likizo. Kinaeleza jinsi washairi wa Kilatini wa kale walivyosimulia visa vya miungu yao. Ujanja wao: wanaanzia katikati. Mtu ndani ya kisa anaanza kisa chake, na hicho kabla hakijaisha kinazaa cha tatu. Msikilizaji haondoki. Nikajiuliza, je, kama msikilizaji huyo ana kamba mkononi?

Alhamisi, 8 Mei.

Niliwaita wenzangu waje na mikono yao, nami nina kisa. Wamekuja. Nimetunga cha kwangu, nikaanzia katikati: binti amegeuka mkoko, umebaki uso tu. Bi Mwanasiti, mkubwa wetu, akauliza binti wa nani. Nikamwomba asubiri. Binti akaanza habari za mfalme, mfalme akakumbuka ndoto. Hakuna aliyeondoka. Hakuna aliyefunga pia. Midomo wazi, mikono imelala. Nilipohimiza, Bi Mwanasiti akasema niache ukali, kwanza nimtoe mtoto wa watu kwenye mti.

Ummy muda huo anakula kitabu. Nimembusu, nimemnyang'anya.

Ijumaa, 9 Mei.

Nimewaita asubuhi, kabla ya sala. Safia kakataa, yeye Ijumaa hashiki kamba. Afadhali. Leo nikachukua kisa cha kitabuni: akina dada wanasokota sufu huku wanasimuliana. Kisa cha wachapakazi, kinatufaa. Nikawa nasoma kipande nawasimulia, nasoma nawasimulia. Mikono ikakolea kazi. Nikafunua ukurasa wa mwisho: kumbe ilikuwa sikukuu ya mungu wao, wenzao wote wameacha kazi. Wale dada, kwa kushika kazi siku hiyo, wakageuzwa popo.

Bi Mwanasiti akatazama ng'ambo, kisiwa cha Chole, kwenye popo wake wengi. Akaweka kamba chini taratibu, kama yai. Barazani nikabaki mimi na Ummy.

Jumatatu, 12 Mei.

Alfajiri kaja Safia na kundi zima. Nikajua kaja kupima eneo. Akasema wifi, eneo nalitaka, sikufichi, lakini hawa watu kazi hawafanyi, wanabishana binti katoka au hajatoka. Tukufungie, umalize kisa.

Tumefunga. Tumepanda. Eneo langu. Tukiwa bado ndani ya maji wakanidai mwisho wa kisa. Sina, sikuutunga. Nikamleta baharia apite karibu na mkoko, naye ana kisa chake. Safia kanipiga mwani wa usoni.

Bamvua lijalo kamba zote atanifungia yeye, mradi nimtoe binti. Nimemwandikia Hafidhi ninachohitaji bado: dawa ya fizi, bunda la taitai, na kitabu kingine cha Walatini, chenye visa virefu zaidi na jalada lisilotafunika.