Nusu ya Masharubu Yangu Imebaki Kwenu

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Usalama,
Kiwanja cha Ndege.

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wakaguzi wako. Mimi ni kinyozi. Kichwani sina hata unywele mmoja, jambo ambalo kila mteja hulitaja akidhani ni wa kwanza kuliona. Lakini juu ya mdomo nilikuwa na masharubu, na hayo ndiyo yalikuwa bango la duka langu.

Juzi nilipanda ndege kwa mara ya kwanza, kwenda harusini kwa kaka yangu. Tangu afiwe na mkewe, shemeji yangu, kaka hakutaka hata kusikia habari ya kuoa. Safari hii alikubali kwa sharti moja, kwamba kichwa chake nikinyoe mimi. Toka utotoni hajamruhusu mtu mwingine akiguse. Kwa hiyo mashine ya kunyolea niliibeba mkononi, ili na abiria wenzangu wajue wanasafiri na nani.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Binti mkaguzi aliniamkia vizuri, akasema kila kifaa cha umeme kinachoingia ndani ya ndege lazima kiwashwe kwanza, kionekane kinafanya kazi. Nikawasha, ikanguruma. Akasema inatosha, baba, pita. Lakini unyusi wake mmoja ulipanda, na mimi nyusi nazijua, ndiyo kazi yangu. Nikaona ananidharau. Nikamwomba bwana aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni ajitolee kichwa, akakataa. Ikabidi nijinyoe mwenyewe, pale pale, sharubu la kushoto, ili binti aone. Mkaguzi aliyefunzwa vizuri hapandishi nyusi.

2. Nilipofika katikati ya mdomo, chaji ikaisha. Hapo hapo msimamizi wake akatokea, akaniambia niwashe. Haikuwaka. Akasema kisichowaka hakipandi, akaizuia. Yule binti alinitetea, Mungu ambariki, na mimi nikamwonyesha msimamizi mdomo wangu kama ushahidi. Akajibu kwamba mdomo si kifaa cha umeme. Kwa hiyo mashine yangu ilikuwa nzima mpaka ilipothibitisha kuwa ni nzima.

3. Binti alinishauri, safari nyingine, vitu kama hivyo niviweke kwenye begi linalokwenda chini ya ndege. Chini, Mheshimiwa, pamoja na viatu? Begi hilo alilipakia mama watoto mpaka zipu ikakataa kwenda, na sikumuuliza hata ameweka nini, maana mtu mwenye akili hawezi kukabidhi kifaa cha kazi huko.

4. Kama kisichowaka hakipandi, mbona jirani yangu wa kiti alipanda? Alilala toka tunapaa mpaka tunatua, nikamtikisa, wapi. Napendekeza abiria nao wawe wanawashwa mlangoni. Mimi mwenyewe kabla ya chai ya asubuhi nisingepita.

5. Hili ndilo linaloniuma, mengine yote ni maneno tu. Nilimkuta kaka uani, amekaa kwenye kigoda, taulo shingoni, ananisubiri. Aliponiona mdomo alicheka mpaka akashika ukuta. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu shemeji atutoke. Kisha akaulizia mashine. Nilipomweleza, akavua taulo, akalikunja. Nilizunguka mtaa mzima kuomba mashine ya kuazima, lakini kila kinyozi akinitazama mdomo anafunga droo. Nikajaribu wembe, ukamkwaruza, kaka akasema basi, mdogo wangu, acha. Akaoa na kofia.

Naomba basi nirudishiwe mashine, wakaguzi wafunzwe kutuliza nyusi, na wewe binafsi umwandikie kaka kwamba mdogo wake hakumwangusha, ni sheria yenu ndiyo iliyomwangusha. Nusu iliyobaki siinyoi mpaka nijibiwe.

Nisalimie wote hapo, wa mizigo na wa chai, na bwana wa nyuma yangu akipita tena. Yule binti msalimie zaidi.

Wako mtiifu,
Kinyozi, upande wa kulia.

N.B. Nimefungua mfuko wa pembeni wa begi kubwa kutafuta bahasha. Nimekuta mashine yangu ya zamani, imeviringishwa kwenye fulana, chaji imejaa. Mama watoto anasema aliniambia mlangoni, nikamjibu asinifundishe kusafiri. Nimeiwasha, ikanguruma mara moja. Imekwenda chini ya ndege na kurudi chini ya ndege, haina hata mkwaruzo. Kwa hiyo kaka usimwandikie. Nimempigia mwenyewe, nikamwambia yote. Amecheka tena, kile kile. Anasema nikate tiketi nyingine, kofia hajaivua.