Kijiko cha Shangazi na Kundi la Mzia

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya mwisho ya majaribio kwenye jumba la maonyesho ya samaki. Nafasi ya kazi ni moja, tuko wawili: mimi na Kasuku, niliyemaliza naye shule. Yeye huongea hata na mlango. Mimi leo mgeni aliniuliza choo kiko wapi, nikaonyesha kwa kidole. Meneja kasema Jumamosi kila mmoja wetu atawaeleza wageni habari za tangi la mzia, wale samaki warefu wawindaji. Atakayewavutia atabaki.

Mzia nawaelewa. Meno kama msumeno, lakini mchana hakuna anayethubutu kwenda peke yake. Wanazunguka kundi zima, kutwa.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata akili. Mzia hufuata kinachometa, wakidhani ni dagaa. Nikiwazoesha kijiko kila wanapolishwa, Jumamosi watanifuata kando ya kioo chote. Wageni watapiga makofi, nami sitafungua mdomo. Nimeazima kijiko cha shangazi, kile cha wageni. Yeye hajui kwamba ameniazima.

Alhamisi, 6 Machi
Kijiko kulia, kundi lote kulia. Kasuku kaniuliza, dada, leo unampikia nani? Nikampa mgongo kwa heshima. Nyumbani shangazi anasaka kijiko. Ameanza kumtazama baba kwa jicho baya.

Jumamosi, 8 Machi
Balaa. Kasuku kaja na shati jipya, vifungo vinang'aa kama taa. Hata hajasalimia, mzia wote wakamjia. Akawaambia watoto kwamba samaki wanamjua bosi wao. Zamu yangu ikafika, nikatikisa kijiko. Hakuna aliyegeuka. Wote walikuwa kwa Kasuku pembeni.

Uchungu ukanipanda. Nikajikuta nasema. Kwamba hayo si mapenzi, ni vifungo. Kwamba mzia huwinda kwa macho, hukaa kimya, kisha huchomoka kama mshale. Nilisema mpaka koo likakauka. Mtoto mmoja akamsihi Kasuku, kaka, sogea huku, watakula tumbo lako. Meneja alicheka hadi akafuta machozi.

Nafasi ni yangu. Eti nina ulimi mzuri, hivyo nitawaeleza wageni kila siku. Kila siku!

Jumapili, 9 Machi
Kijiko nimekirudisha kabatini kimyakimya. Shangazi kamwomba baba radhi. Nimetafakari sana kosa langu, nalo liko wazi: kijiko kilikuwa kidogo.

Shangazi ana sinia la chuma, kubwa, ukilitazama unajiona mpaka nyusi. Kesho nitatoka nalo kabla hajaamka.